Mstari wa Bi Verna

Jumatano, tarehe 14 Januari. Dhoruba ya siku mbili ilikuwa imekwisha usiku, na asubuhi hiyo anga lilikuwa safi kabisa. Baridi ilikuwa kali hata theluji ikalia chini ya buti.

Maren Tveit, msichana wa miaka kumi na miwili, alikula uji wake wa shayiri, akavaa soksi mbilimbili, akatoka kwenda kungoja basi la shule. Njiani aliipita nyumba ya mzee Orrin Sather. Mzee alikuwa ameketi dirishani, amevaa koti na kofia yake ya masikio. Alimpungia mkono. Maren naye akampungia, akaendelea na safari yake. Hakujua kwamba mzee alikuwa akingoja gari.

Katika mji ule mdogo wa Dakota Kaskazini hapakuwa na hospitali. Mzee Orrin, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka, alisafishwa damu mara tatu kwa wiki katika mji mkubwa, maili sitini kutoka hapo. Waumini wa kanisa walipokezana kumpeleka, yeye na wagonjwa wengine. Zamu zote ziliandikwa katika orodha moja iliyohifadhiwa mtandaoni, na kila jioni madereva waliifungua kuona nani anakwenda wapi.

Orodha hiyo ilikuwa na watunzaji wawili. Wa kwanza alikuwa Bi Verna Haugland, mjane aliyejifunza kompyuta katika darasa la jioni la maktaba akiwa na miaka sabini na mmoja. Wa pili alikuwa Jolene, mama yake Maren. Lakini Jolene alirudi kutoka kwenye maghala ya nafaka akiwa hoi kila siku, kwa hiyo Maren ndiye aliyemchapia.

Jumatatu, upepo ulipoanza kukatakata mtandao, Maren aliipakua orodha katika kompyuta yake ili aendelee na kazi hata mtandao ukizimika. Jumanne jioni mtandao wa nyumbani kwao ulirudi, akairudisha orodha mtandaoni. Kompyuta ilimwonya kwamba faili la jina hilo lilikuwa limebadilishwa tangu alipolichukua, ikamwuliza kama alitaka kuliondoa na kuweka lake. Viazi vilikuwa vimeiva mezani. Alibonyeza ndiyo.

Aliporudi shuleni Jumatano, alimkuta mama yake amesimama jikoni na simu mkononi. Kliniki ilikuwa imefungwa Jumanne kwa sababu ya dhoruba, na zamu ya mzee Orrin ilikuwa imehamishiwa Jumatano hiyo. Hakuna dereva aliyefika. Alikaa dirishani tangu saa moja asubuhi hadi saa sita mchana, akidhani barabara ndiyo imemchelewesha mtu. Hakupiga simu. Hakutaka kusumbua watu. Jirani alimkuta anahema kwa shida, akaita gari la wagonjwa.

Jioni hiyo watu walikula pamoja katika ukumbi ulio chini ya kanisa, kama ilivyokuwa desturi ya kila Jumatano. Dale Orvik, aliyepaswa kuendesha siku ile lakini hakuliona jina lake katika orodha, alikuwa amekasirika, na hasira yake ilitoka kwa mzaha.

"Bi Verna, ile kompyuta uliibonyeza, au uliiombea tu?"

Wachache walicheka. Bi Verna aliweka kikombe chake chini taratibu. Alisema alikumbuka kuandika mabadiliko yale Jumanne asubuhi, lakini pengine alisahau kuhifadhi. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba labda wakati umefika kazi hiyo apewe mwingine.

Maren alitazama sahani yake. Alikuwa ameanza kuelewa. Usiku alifungua kumbukumbu za orodha, mahali ambapo kompyuta hutunza kila badiliko na jina la aliyelifanya. Palikuwa na Bi Verna, Jumanne saa nne asubuhi. Baada yake palikuwa na Maren Tveit, saa kumi na moja na nusu jioni: nakala yake ya Jumatatu ilikuwa imeufuta mstari wa Bi Verna.

Alinyamaza Alhamisi. Alinyamaza Ijumaa. Habari zilikuja kwamba mzee anaendelea vizuri na atarudi nyumbani, na Maren akajiambia kwamba basi, yamekwisha. Lakini Jumamosi, mezani, mama yake aliinamisha kichwa kuombea chakula, akaongeza, "Na Bwana, mtie nguvu Bi Verna. Anadhani akili yake inaanza kumtoka."

Maren alijaribu kusema amina. Badala yake akalia hadi supu ya samaki ikapoa, ndipo akamweleza mama yake yote. Jolene hakumpiga wala hakumkemea. Alisema tu kwamba kosa lile lilikuwa la wote wawili, kwa kuwa kazi ilikuwa yake yeye mama, lakini kimya kilikuwa cha Maren peke yake, na kilipaswa kuvunjwa palepale ambapo Bi Verna alichekwa.

Jumapili baada ya ibada, watu wakinywa kahawa ukumbini, Maren aliweka kompyuta mbele ya Bi Verna, akamwonyesha mstari wake, na kusema mbele ya wote kwamba ni yeye aliyeufuta kwa haraka ya chakula. Bi Verna alivaa miwani. Alisoma jina la mzee Orrin, siku, saa, na jina la Dale. Akaugusa mstari ule kwa kidole.

"Kumbe niliandika," alisema.

Dale alivua kofia yake akaomba msamaha, mbele ya wote. Mzee Orrin, aliyekonda lakini yupo, alisema hata yeye simu anayo, na kiburi cha kutosumbua watu kilikaribia kumzika.

Maren alisema anajuta kubonyeza ndiyo, na anajuta zaidi kunyamaza siku zile nne. Bi Verna alimshika mkono.

"Sikiliza, mwanangu. Orodha ni moja, sisi ni wengi. Ukichukua nakala yako nyumbani, unabeba mambo ya jana, na wenzako wanaendelea kuandika ya leo. Fanya kazi palepale orodha ilipo. Mtandao ukikatika, nipigie kabla hujarudisha chochote. Na kompyuta ikikuuliza, usiijibu kwa haraka ya tumbo. Lakini hayo yote ni kazi ya vidole. Siku nne nimelala nikijiona sifai. Faili hurudishwa kwa dakika moja, Maren. Siku zangu hizo hakuna wa kunirudishia."

Bi Verna alisema ataendelea na kazi, na kwamba anataka Maren aketi naye kila Jumanne. Ndipo Maren akasimama.

"Naahidi mbele yenu nyote. Sitafuta neno la mtu kabla sijamwuliza. Na nikikosea, mtasikia kutoka kwangu, siku ileile."