Magunzi Yaliyokosa Chuma

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Chiriku alichukua gunia akaenda kwenye mashine ya kupukuchua mahindi kuomba magunzi. Jina hilo alipewa na shangazi zake kwa wingi wa maneno. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Magunzi hayo hayakuwa ya kuni. Mama yake na wanawake wenzake watatu walitia nguo rangi nyuma ya nyumba, na maji machafu yalitiririka hadi kwenye bustani za mboga. Bwana afya alipoona watoto wa huko wakijikuna hadi damu, alisema, "Nawapa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Maji yakitoka na rangi, nafunga."

Mjomba wake, aliyetunza maabara ya shule kwa miaka thelathini, ndiye aliyejitolea kuyasafisha kwa makaa ya magunzi.

"Mjomba, si makaa tu hayo?"

"Makaa ya kawaida hunasa rangi, yakishiba basi. Haya yatakuwa na chuma ndani. Chuma huiamsha dawa nitakayotia, na dawa ndiyo huivunja rangi. Lakini chuma hakiingii kwa kubembelezwa. Magunzi yalale ndani ya maji niliyoyeyushia chumvi ya chuma siku mbili kamili, kuanzia leo Ijumaa, na uyageuze asubuhi na jioni. Ndipo tuyakaushe, tuyachome ndani ya pipa lisiloingia hewa."

"Nimeelewa. Kwani mimi mtoto?"

"Wewe ni mdomo. Safari hii nataka mikono."

Lakini jioni ile wenzake walikuwa wanaruka kamba, na Jumamosi vilevile. Magunzi yalibaki makavu guniani. Jumapili jua likielekea kuzama, Chiriku alivaa glavu, akayachovya haraka, akayatoa yakichuruzika.

"Yamelala humo tangu Ijumaa?" Mjomba aliuliza.

"Tangu Ijumaa, Mjomba." Alijiambia kuwa makaa ni makaa, yote meusi.

Yalikaushwa, yakachomwa Jumanne. Jumatano Mjomba aliyajaribu. Maji yaliingia ya zambarau, yakatoka ya zambarau. Mjomba aliishuku dawa, akaimwaga yote, akatembea hadi mjini kutafuta nyingine. Alhamisi alilishuku bomba la kupitishia maji kwenye makaa, akalifungua kipande kwa kipande huku chakula chake kikipoa. Chiriku alimtazama, ulimi umemganda.

"Unaumwa?" Mama alimuuliza.

"Siumwi, Mama."

Ijumaa bwana afya aliinua chupa ya maji kwenye mwanga. Rangi ilikuwa ileile. Mjomba alivua kofia.

"Kosa ni langu, bwana. Njia yangu haifai. Nimewapa akina mama hawa matumaini ya bure."

Sauti yake ilitetemeka. Chiriku hakuwahi kuisikia hivyo.

"Si yeye!" alisema. "Ni mimi. Sikuyaloweka siku mbili. Niliyachovya tu, nikamdanganya."

 Mjomba alitwaa sumaku aliyoitoa kwenye redio mbovu, akaipitisha juu ya makaa. Hayakusogea hata chembe.

"Hakuna chuma," alisema taratibu.

"Mdomo wote huo," mmoja wa wanawake alisema, "neno moja la kweli likakushinda?"

Mama aliinamisha kichwa. Bwana afya aliandika. "Leo nafunga. Ngozi za wale watoto haziwezi kungoja. Nitarudi baada ya siku kumi."

Siku hizo masufuria ya rangi yalikaa yamefunikwa, na wale wanawake walienda kufulia watu nguo. Chiriku aliloweka magunzi upya. Aliyageuza kabla ya shule na baada ya shule, na wenzake walipomwita hakutoka. Makaa yalipopoa, aliyasuuza hadi maji ya kusuuzia yakawa meupe. Safari hii sumaku ilipokaribia, vipande viliirukia.

Siku ya kumi bwana afya aliinua chupa tena. Aliona vidole vyake upande wa pili.

"Fungueni," alisema.

Akina mama walikimbilia masufuria. Chiriku alibaki na Mjomba kando ya pipa.

"Nisamehe, Mjomba. Ningeloweka tu, yasingetokea haya."

"Hapana, mwanangu. Kutoloweka lilikuwa kosa dogo. Ungeniambia Jumapili, ningeloweka usiku uleule, na Ijumaa ingetukuta tayari. Uongo ndio uliotufunga. Nilimwaga dawa nzuri, nikafungua bomba zima, nikaanza kuamini akili yangu imeisha. Anayekosea akasema, tutafanya naye kazi. Anayeficha hutufanya tutibu mguu mzima, na ule mbovu unaoza."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kisha akaenda kwa yule mwanamke aliyemkemea, akashika upande wa pili wa sufuria yake, wakaibeba pamoja hadi motoni.