Kitenge cha Njano cha Dominika

Msiniulize kama naamini uchawi. Nasimulia yaliyomkuta dada yangu Herieth, tumbo moja na mimi, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wenye malori walipokuwa wakirudi kutoka mpakani Kasesya na vitu vya kushangaza. Gaudensi, mnunuzi wa mahindi, alirudi na mashine ya kufulia. Akaifunga ndani ya nyumba yake ya Milanzi. Mkewe Dominika alipofariki, alihama, akaipangisha nyumba na mashine yake.

Herieth akapanga. Ana mtoto mchanga, baridi ya Sumbawanga unaijua: nani angekataa?

Jumamosi moja akafua nepi. Alipofungua mashine, juu ya nepi kulikuwa na kitenge cha njano. Si chake. Kina doa jekundu kifuani. Akakitoa, akakianika uani. Alipofua tena, kimo ndani. Doa limekua. Nepi za mtoto nazo zimeanza kuwa nyekundu.

Akakimbia nacho kwa Margareth, dada wa marehemu, nyumba ya pili.

"Shikamoo mama. Hiki cha nani?"

Mama yule akakaa chini, puu. "Cha Dominika. Ndicho alichovaa siku aliyokufa."

Katika ukoo wao, mwanamke akifa, dada zake ndio humfulia nguo zote, mtoni, kwa mikono. Gaudensi aliwakabidhi zimeshafuliwa, zimekunjwa. "Nimewapunguzia kazi, shemeji." Mwanaume ambaye hata leso yake hajawahi kuitia sabuni! Na kitenge hiki hakikuwemo. Alidai mkewe aliteleza bafuni. Tangu hapo Margareth alitaka jambo moja tu: Gaudensi aseme kwa kinywa chake.

Wakamwita. Akaja mchana, jua linawaka, anacheka. Umeme umekatika mtaa mzima, na kitenge kimesharudi chenyewe ndani ya mashine.

"Kitenge tu ndicho mnachoniitia?"

"Kitoe, shemeji," Margareth akanong'ona. "Kama huna neno nacho, kitoe."

Akaingiza mikono.

Mashine ikazunguka. Polepole. Umeme hakuna. Akavuta mikono. Haitoki. Maji yakapanda. Mekundu.

"Dominika, niache!"

Ikaongeza kasi.

"Nilimpiga! Kwa mchi! Alitaka kurudi kwao!"

Ikasimama hapo hapo. Mikono ikatoka mizima, hata mchubuko hakuna.

Mahakamani akakana. Kitenge hakikuonekana tena, akaachiwa. Roho iliniuma, sifichi. Kumbe Dominika hakuihitaji mahakama.

Gaudensi alihamia Wampembe, ziwani. Nilimkuta huko kwenye harusi. Msichana alipita na jagi, watu wakanawa, maji yanaingia kwenye beseni kama kawaida. Zamu ya Gaudensi ilipofika, alimmiminia. Beseni likawa jekundu. Msichana hakushtuka, alikwenda kumwaga, akaanza na maji mapya. Walimwekea Gaudensi sahani yake kule ukutani, peke yake. Akanitazama, akainamisha kichwa.

Nilikula nikashiba.