Miguu Iliyoacha Kuuma

Fundi Suti alishona bila viatu. Ndivyo alivyofundishwa tangu ujana wake. Akifika kibandani asubuhi, alivua viatu, akavisukuma chini ya meza ya kukatia, kisha akaweka nyayo zake juu ya pedali ya cherehani.

"Mguu ndio unaosikia mashine," alizoea kusema. "Ukivaa kiatu, unashona kama kiziwi."

Wateja walicheka. Suti zilitoka nzuri, kwa hiyo hakuna aliyebishana naye.

Fundi alikuwa na kisukari, na huu ulikuwa mwaka wa saba. Kwa miaka miwili miguu ilimtesa. Iliwaka moto. Ilichomachoma kama imekanyaga siafu. Akilala, hata shuka likigusa vidole aliona adhabu. Halafu maumivu yakaanza kupungua kidogo kidogo. Siku moja akashtuka kuona kwamba hayapo kabisa.

"Mke wangu, nimepona!" alisema, akapiga miguu chini kama askari wa gwaride. "Umeona? Hakuna kitu!"

Mkewe alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja. Naye akafurahi. "Basi nenda kliniki ukawaambie."

"Nikawaambie nini? Mtu akipona haendi hospitali kuaga."

Hata zamani kliniki alikwenda kwa nadra; tangu siku hiyo hakukanyaga kabisa. Vidonge alivimeza alipokumbuka, na hakukumbuka mara nyingi.

Alasiri moja dada yake mkubwa alikuja kupima aproni mpya. Dada alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Kutwa alisimama jikoni, sakafu maji matupu, miguuni mabuti ya mpira. Yeye pia alikuwa na kisukari. Kwa kuzaliwa yeye ndiye mkubwa, lakini kwa ugonjwa huu mdogo wake alimtangulia. Kwa hiyo katika mambo ya sukari alimsikiliza kama daktari.

"Mdogo wangu, miguu inawaka," alisema, akijibwaga kwenye benchi. "Naona niende nikapimwe."

"Ukapimwe nini, Dada? Hiyo mimi nimeipitia. Vumilia tu. Maumivu yangu yalianza hivyo hivyo, yakaondoka yenyewe."

"Yenyewe?"

"Yenyewe kabisa. Usipoteze siku yako kwenye foleni."

Dada akashusha pumzi. Alimwamini. Fundi akampima kiuno, akamtania kwamba kwa kitambaa hicho angeweza kushona hema, Dada akampiga kofi la begani, wakacheka. Kisha akaenda zake. Maneno yale hayakuchukua hata dakika mbili. Fundi angetoa chochote baadaye ili ayameze tena.

Karibu mwaka ukapita. Siku moja mkewe alichukua suruali ya bwana harusi, ya rangi ya maziwa, iliyokuwa imening'inia kwenye cherehani hadi chini. Upindo wake ulikuwa na madoa mekundu.

"Umejichoma kidole?" aliuliza.

Fundi akakagua vidole vya mikono, kimoja kimoja. Vilikuwa vizima.

"Sasa hii ni damu ya nani?"

Wakatazama sakafu. Alama za unyayo zilitoka kwenye cherehani hadi mlangoni. Mkewe akapiga magoti, akainua mguu wa kulia wa mumewe. Chini ya kidole gumba kipande cha sindano kilikuwa kimezama. Nyama iliyokizunguka ilikuwa imevimba na kuwa nyeusi. Ilitoa harufu.

"Baba watoto! Hii ina siku ngapi humu?"

Fundi alihesabu kwa vidole. "Sindano ilivunjika... wiki iliyopita. Jumanne." Alikumbuka vizuri. Alikitafuta kipande kile sakafuni, hakukiona, akaweka sindano nyingine na kuendelea kushona. Siku tisa alikuwa anakanyaga pedali kwa mguu wenye sindano.

Hospitalini walijitahidi, lakini usaha ulikuwa umefika kwenye mfupa. Walikata kidole gumba. Baada ya siku nne walikata na cha pili yake.

Muuguzi aliyemsafisha kidonda alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono myepesi na maneno machache. Fundi alimlalamikia kama mtu aliyeonewa.

"Lakini miguu ilikuwa haiumi! Nilikuwa nimepona!"

"Hukupona, baba," alisema muuguzi. "Sukari ikikaa juu muda mrefu, inaharibu neva. Neva ndizo zinazopeleka habari kutoka mguuni hadi kichwani. Zikianza kuharibika, zinapiga kelele. Utasikia moto, ganzi, kuchomwachomwa. Zikiharibika zaidi zinanyamaza. Mguu unaumia na mwenyewe huna habari. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Na kama ningekuja wakati ule wa moto?"

Muuguzi hakumdanganya. "Tungekusaidia kushusha sukari. Zipo pia dawa za kutuliza yale maumivu. Tungekukataza kukaa peku. Huenda hivi vidole vingekuwepo."

Fundi aligeukia ukuta. Miaka yote ile alijiona mjanja kwa kukwepa foleni.

Mchana huo huo Dada aliingia wodini. Alitoka jikoni moja kwa moja kati ya chakula cha mchana na cha jioni, mabuti bado miguuni. Alipoona bandeji alilia. Kisha akajifuta, maana hakuwa mtu wa kulia kwa muda mrefu.

"Haya, sasa kiatu chako kina chumba cha kupangisha," alisema, na Fundi akatabasamu kidogo. "Lakini nimekuletea habari njema. Ulisema kweli, mdogo wangu. Miguu yangu imeacha kuuma! Maumivu yameondoka yenyewe, kama ulivyoniambia."

Fundi akaketi kitandani.

"Vua mabuti, Dada."

"Hapa? Miguu inanuka, mwenzangu, nimetoka kazini."

"Vua, nimesema!"

Hakuwahi kumfokea dada yake maishani. Dada akaduwaa, kisha akavua. Muuguzi alichukua buti la kushoto, akalipindua na kulikung'uta. Haragwe moja kavu likaanguka sakafuni.

Dada alilitazama. "Tulichambua maharage asubuhi," alisema polepole. "Kabla ya chai ya wanafunzi."

Sasa ilikuwa saa nane. Kwenye wayo wake kulikuwa na shimo jekundu, na pembeni yake lengelenge lilikuwa limeanza kutuna. Alikuwa amesimama juu ya haragwe lile tangu alfajiri.

Muuguzi alitoa mfukoni kishikio chenye kipande kifupi cha uzi wa nailoni. "Funga macho, mama. Kila nikikugusa, useme ndiyo."

Fundi alikuwa mtu wa nyuzi. Aliuona ule uzi, mgumu kidogo, ukishuka chini ya kidole gumba cha Dada na kubonyea hadi ukapinda. Dada kimya. Ukashuka chini ya kidole cha kati, ukapinda. Kimya. Ukagusa chini ya kidole cha mwisho. Kimya. Fundi aliung'ang'ania ukingo wa kitanda. Moyoni alimsihi dada yake aseme ndiyo, hata mara moja, hata kwa kubahatisha. Muuguzi akahamia mguu wa kulia, akagusa pale pale, mara tatu tena.

Dada, macho yamefumbwa, aliuliza kwa upole, "Muuguzi, mbona huanzi?"

Fundi akaangua kilio mbele ya wodi nzima.

"Ni mimi! Mimi ndiye niliyemwambia asije! Nilimwambia yataondoka yenyewe!"

Dada akafumbua macho. Alimtazama mdogo wake, akautazama ule uzi, akamtazama tena. Fundi aliona afadhali angetukanwa.

"Neva zilizokufa mimi siwezi kuzirudisha," alisema muuguzi, akiketi ukingoni mwa kitanda. "Lakini sikilizeni wote wawili. Mama, ngozi yako haijapasuka. Mguu wako bado ni mzima. Maumivu hayakuambii tena kitu, basi macho yako ndiyo yakuambie. Kila siku tazama nyayo na katikati ya vidole."

"Nitazionaje nyayo, na tumbo hili?" aliuliza Dada.

"Weka kioo sakafuni. Au tafuta mtu akutazamie."

"Na maji ya moto na chumvi? Nililoweka miguu kila jioni ilipokuwa inawaka."

"Acha kuloweka. Osha kwa maji ya uvuguvugu, na uyapime kwa kiwiko, usiyapime kwa mguu. Mguu wako hauwezi tena kukuambia maji ni ya moto. Kausha vizuri, mpaka katikati ya vidole. Sugu usiikwangue kwa wembe, ilete hapa. Kiatu kikung'ute kabla ya kuvaa. Ukiona kidonda, hata kidogo kama punje ya mchele, njoo siku hiyo hiyo. Na dawa za sukari zimeze kila siku, hata mguu ukiwa kimya. Hasa ukiwa kimya."

Lengelenge la Dada lilisafishwa na kufungwa siku ile ile. Alikaa nyumbani wiki mbili bila kusimama jikoni, likapona. Shule ilimpa mabuti mapana zaidi, naye akavaa soksi za pamba ndani yake. Kila asubuhi aliyakung'uta mbele ya wapishi wenzake, wakamcheka, baadaye nao wakaanza kukung'uta ya kwao.

Fundi alirudi kwenye cherehani akiwa na viatu vya soli nene. Mwezi wa kwanza alishona vibaya na kufumua sana. Alichechemea pia, kwa sababu mtu husukuma ardhi kwa kidole gumba, jambo ambalo hakulijua alipokuwa nacho. Alirudi kliniki, na sukari yake ikaanza kushuka.

Kila siku, Dada akitoka kazini, alipitia kibandani. Fundi alivaa miwani ya kushonea, akaweka mguu wa dada yake kwenye paja lake, akaukagua kama anayetafuta mshono ulioruka. Siku moja aliona ufa mdogo kisiginoni. Wakafunga kibanda saa hiyo hiyo, wakaenda kliniki. Baada ya siku kumi ufa ulikuwa umejifunga.

Siku waliyothibitisha kwamba ufa umepona, Fundi hakuuachia mguu.

"Dada, sijakuomba msamaha."

"Umeniomba kwa kulia. Wodi nzima ilisikia."

"Ungeenda wakati ule, leo ungesikia ule uzi. Mimi ndiye niliyekuziba masikio ya miguu."

Dada alipozungumza, hapakuwa na mzaha katika sauti yake.

"Ulinishauri vibaya, ni kweli. Na inaniuma. Nikitoka kuoga sijui kama nimekanyaga sakafu au zulia. Lakini mimi nilikuamini kwa sababu nilitaka iwe kweli. Na mimi sikupenda foleni. Kosa hili ni kubwa, mdogo wangu, linatutosha wote wawili."

Fundi aliinamisha kichwa. Chozi moja lilidondoka juu ya wayo wa dada yake. Alilitazama likiteleza hadi kisiginoni. Dada hakulisikia.

"Haya," alisema Dada. "Umemaliza huo? Shika na wa pili."