Mzimu Aliyeombewa Jina

Asubuhi hiyo ya mwaka 2003 Speciosa alisali rozari yake, akaloweka maharage, kisha akatoka kambini na wenzake wenye vibali kwenda kuigiza filamu. Shibuda, mpiga video kutoka Mwanza, alikuwa amepata nyumba tupu kando ya barabara ya Ngara. Akaziba madirisha kwa maturubai ili mchana uonekane usiku.

Aliwapanga kwa kidole. Watu wa mjini wawe wenye nyumba. Wakimbizi wawe mizimu, wote. Wakapewa shuka nyeupe.

"Haya," Leonidasi akasema akijitanda yake. "Nchi tumekosa, sasa na uhai tumenyimwa."

Wakacheka. Speciosa hakucheka. Miaka saba nyuma, walipokimbia kutoka Burundi, binti yake Iteka alikufa njiani. Alikuwa na miaka mitatu. Walimzika upesi karibu na Murusagamba, bila msalaba. Tangu hapo hakuna aliyelitaja jina lake ila mama yake, na kila alipolitaja aliongeza: raha ya milele umpe, ee Bwana.

"Mwanangu," akamwambia Shibuda, "mzimu wangu anaitwa nani?"

"Mama, mzimu ni mzimu tu. Unatokea, watu wanapiga kelele, basi."

"Aliyekufa alibatizwa. Ana jina."

Akaanza kuvua shuka. Tecla, mwalimu wa Ngara aliyeigiza mwenye nyumba, akamshika mkono.

"Shikamoo, mama. Nikifika mlangoni nitauliza, 'Nani huyo?' Utajibu jina unalotaka."

"Marahaba. Nitasema Iteka. Na sala yake."

"Sala hapana," Shibuda akasema. "Itaniharibia picha. Jina peke yake."

Speciosa akasita. Kisha akakubali. Alitamani mno kulisikia.

Akasimama peke yake chumba cha ndani, gizani. Taa ya kamera ikawaka sebuleni. Tecla akaja polepole mpaka mlangoni.

"Nani huyo?"

Speciosa akavuta pumzi. Kinywa chake kilikuwa bado kimefumbwa.

"Ni jewe," sauti ndogo ya mtoto ikasema kwa Kirundi, ni mimi. "Iteka."

Taa ikazimika.

Hakuna aliyepiga kelele. Kwenye giza walisikia nguo ikikazwa. Fundo moja. La pili.

Leonidasi akang'oa turubai, jua likaingia. Speciosa alikuwa ameinama kidogo mbele. Shuka ilikuwa imefungwa kifuani mwake kwa mafundo mawili, na mgongoni ilining'inia kama imebeba kitu. Haikuwa na kitu.

Tecla akasogea, akanong'ona, "Mama, isome ile sala. Isome sasa."

"Taratibu," Speciosa akajibu, akijitikisa huku na huku. "Ndiyo kwanza amelala."

Akatoka, akashika njia ya kambini, mikono yote miwili nyuma. Tecla alimfuata hadi barabarani. Kwenye shuka, chini kidogo ya bega la kushoto, palikuwa na unyevu, duara dogo la mate. Lilikuwa bado linapanuka.