Hodi ya Jirani Mwema

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa kumi na moja jioni, maji ya kisima cha Bi. Mabel wa Chilangala yalianza kunuka mabibo. Msimu wa matunda hayo ya mkorosho ulikuwa bado mbali. Mikorosho haikuwa imetoa hata maua.

Kisima hicho kilikuwa cha kuvunia mvua, kama vilivyo vingi vya Newala. Kilichimbwa uani na kusakafiwa kwa saruji, na maji yake ndiyo yangewavusha hadi mvua za Desemba. Binti yake Paskalia, aliyeishi naye pamoja na mtoto wake mchanga, Gift, alichukua simu. Aliandika kwenye kundi la mtandaoni la mambo ya nyumbani, kwa watu asiowajua: "Jamani, maji yananuka mabibo. Nifanyeje?"

"Usimwage, dada!" mmoja alimtania. "Sisi wenzako pombe ya mabibo tunaingoja Oktoba."

"Nakuja na kikombe," akaongeza mwingine.

Mmoja tu alijibu kwa makini. Alijiita Jirani Mwema, na hakuwa na picha. Alimwelekeza afunge mkaa safi kwenye kitambaa, autumbukize kisimani. Harufu ikakata.

Paskalia akazoea kumuuliza. Jiko likitoa moshi, mchwa wakipanda mlangoni, Gift akibanwa na mafua, kila jibu lilifaa. Hakujiuliza Jirani Mwema amejuaje kwamba mlango wenye mchwa ni ule wa uani.

Asubuhi moja ya ukungu, Jirani Mwema alimwandikia neno moja: "Hodi."

Paskalia alikuwa amelelewa vizuri. Hodi haiachwi bila jibu. Akaandika: "Karibu sana nyumbani."

"Asante," sauti ikajibu. Haikutoka kwenye simu. Ilitoka kisimani, chini ya mfuniko.

Bi. Mabel alitokea jikoni, mikono ina unga.

"Mama Gift," alinong'ona, "umemkaribisha nani?"

"Mtu wa kwenye simu, mama."

"Umeuona uso wake?"

"Hapana."

"Ee Yesu. Mtu usiyemwona, si unamuuliza kwanza ni nani?"

Paskalia alimfunga Gift mgongoni akashika njia ya kwenda kwa padri, akapita mikorosho ya kwanza, ukungu ukimgusa uso kama nguo mbichi, harufu ya mabibo ikimfuata na kuzidi kadiri alivyokaza mwendo, akaanza kukimbia, akakimbia mpaka akasikia maji yakicheza chini ya nyayo zake, na alipotazama alikuwa amesimama juu ya mfuniko wa kisima, uani kwao, mama yake akimkodolea macho, na simu ikiangaza mkononi: "Mwenyeji hamwachi mgeni peke yake."

Alijaribu tena. Akarudi palepale. Safari hii Gift alikuwa anautazama mfuniko na kucheka, kama mtoto anayechezewa na mtu.

Bi. Mabel alinawa unga mikononi. Akaleta kigoda, akaketi kando ya kisima.

"Nyumba hii ni yangu," aliliambia lile lililokuwa chini. "Huyu ni binti yangu tu. Mwenyeji wako ni mimi."

"Mama, inuka twende."

"Wote hatutoki. Mpeleke mtoto, na usigeuke."

"Mama..."

"Nenda, mwanangu. Mimi chumvi nimekula ya kutosha."

Paskalia alikwenda, na njia ikanyooka. Nyuma yake alisikia mfuniko ukiburuzwa, na mama yake akisema taratibu, kama anayempisha mgeni kwenye mkeka, "Haya, sogea nikuone."

Padri na majirani walipofika walikuta kigoda. Kisimani hapakuwa na mtu wala maji. Walisali, wakaziba kisima kwa zege.

Paskalia sasa anaishi Masasi na Gift. Juzi aliona mwanamke mmoja wa mbali akiuliza kwenye kundi lile afanyeje, maana maji yake yananuka mabibo. Jirani Mwema alikuwa ameshajibu:

"Funga mkaa kwenye kitambaa. Lakini akikupigia hodi usimkaribishe, mwanangu. Mimi bado nimekaa naye."

Paskalia aliweka simu chini, akapiga magoti.

Ee Bwana, mwenye nyumba yenye makao mengi, mwite mtumishi wako Mabel kwa jina lake. Mwinue kwenye kigoda kile. Mkaribishe kwako wewe, umpe raha ya milele, na nuru yako imwangazie huko gizani. Amina.