Bibi Harusi Aliyegawa Chapati

Walikutana sokoni Daraja Mbili, mjini Kisii, wakigombania shati la mtumba.

"Wewe, achilia! Mimi nimeshika mwili, wewe umeshika mkono tu."

"Basi tukate, mrembo. Wewe uvae mwili, mimi nivae mkono."

Bitutu alitaka kukasirika, akacheka. Kijana, Anyona jina lake, alikuwa na kofia ya ngozi na alibeba mgongoni obokano, lile zeze kubwa la Kigusii. Naye Bitutu alikuwa na sketi ya kijani iliyomkaa sawasawa na kucha nyekundu kama pilipili. Shati alilichukua yeye, akalipeleka kwenye kibanda chake cha nguo Kebirigo. Anyona aliondoka na namba ya simu, na alijua nani kapata zaidi.

"Umekula, malkia wangu?" Anyona aliuliza kila jioni.

"Malkia bila kiti? Nunua kiti kwanza ndio uniite malkia."

Anyona hakuwa mtu wa kuimba nakupenda-nakupenda mpaka spika ichoke. Wimbo wake ulikuwa na mwanzo, mkasa na mwisho. Kina mama walisimama na ndizi kichwani, shingo zinauma, wasikie kama yule mzee wa Itumbe alimpata mwanawe au hakumpata. Bitutu alimpendea hapo hapo. Ndiyo maana siku moja ya mvua alimfungulia jambo ambalo watu wa Kebirigo hawakulijua: kwao Nyamache aliachwa kanisani. Bwana harusi alizima simu na hakuonekana. Kebirigo alikuja ili aitwe Bitutu wa nguo, basi, asiwe yule aliyeachwa.

Mwezi haukuisha. Hafiz, muuza redio wa kibanda cha pili, akafungulia spika zake wimbo mpya. Sauti ilikuwa ya Anyona.

*Binti wa Nyamache, gauni la kukodi,*
*kaanguka kanisani, machozi kama mto,*
*nani atamwinua? Ni mimi na zeze langu.*

"Maskini!" Hafiz akatikisa kichwa. "Dada Bitutu, si Nyamache ni kwenu? Unamjua huyu binti?"

Maskini! Neno hilo lilimchoma kuliko wimbo wenyewe. Wanaosema hasira ni hasara waje wasimame pale alipokuwa amesimama. Alimpigia Anyona simu.

"Haloo, kipenzi..."

"Kipenzi cha nani? Nani alikutuma?"

"Umeusikia! Lakini sikutaja jina lako, bebi."

"Umetaja Nyamache, umetaja kanisa, umetaja mpaka gauni la kukodi. Ulibakisha nini, kitambulisho?"

"Watu wanalia wakiusikia, Bitutu. Ni wimbo mzuri."

"Na mimi nililia lini?"

"Bebi, sikiliza kwanza ile korasi..."

"Nijibu, wewe! Nilikwambia nililia?"

"Hukuniambia," Anyona akasema polepole. "Lakini wimbo una mambo yake. Bibi harusi asipolia, watu watahurumia nini?"

"Nani aliomba huruma?" Alikata simu, na zile alizopigiwa baadaye hakushika hata moja.

Kwa sababu ukweli, jamani, ulikuwa hivi. Bitutu hakuanguka popote. Mchungaji alipofunga Biblia na kina shangazi walipoanza kupiga kamsa, yeye alivua shela, akafunga leso juu ya lile gauni, akaenda jikoni. Kuku walikuwa wameiva, chapati zilikuwa zimejaa beseni. "Chakula hakina kosa," aliwaambia wageni. "Kaeni mle." Akawapakulia kwa mkono wake, mpaka ndugu za yule mwanamume, ambao walikula wakitazama chini. Ndiyo siku aliyojivunia kuliko zote maishani, na Anyona, mtu aliyempenda na kumsimulia yote hayo, alikuwa ameichukua akaigeuza kilio ili yeye mwenyewe aonekane mwokozi. Alimpenda bado. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

Siku ya soko alisikia kwamba Anyona anapiga muziki Nyamache. Nyamache kwenyewe! Alivaa gauni jekundu na viatu virefu, akafunga kibanda, akaenda.

Alimkuta jukwaani, kwenye mbao zilizopangwa juu ya kreti za soda, amefika pale pa machozi kama mto. Bitutu alipasua umati, akapanda, akamnyang'anya maiki.

"Huyu binti ni mimi," alisema. "Na huyu mtunzi ni mwongo. Anyona, imba ilivyokuwa. Imba sasa hivi, nikisikia."

"Bitutu, nisamehe. Tuongee kando..."

"Ulinianika kando? Imba!"

Anyona alivua kofia. Uso ulikuwa umemshuka. "Watu wa Nyamache," akasema, "nilijitia kwenye hadithi ambayo sikuwemo. Hakuna mtu aliyemwinua, kwa maana hakuanguka." Kisha akagusa nyuzi, akitafuta maneno pale pale, akiyakosa, akirudia. Shela likavuliwa. Leso ikafungwa. Beseni la chapati likatoka.

"Ni kweli!" mama mmoja akapaza sauti kutoka upande wa maparachichi. "Mimi nilikuwepo! Nilikula tatu!"

Soko zima likapasuka kwa kicheko na vigelegele, na safari hii hakuna aliyesema maskini. Bitutu alikataa kulia, asije akampa mtu ubeti.

Na Anyona, mpumbavu wa mapenzi, akapiga goti palepale. "Bitutu, mbele ya watu wote hawa, naomba..."

"Inuka!" Alimzimia maiki, akainama karibu na sikio lake. "Unaniposa au unatunga wimbo?"

"Nakuposa. Nakupenda, Bitutu. Nilikosa, na nakupenda."

"Basi fanya kama watu. Leta esigani kwa baba yangu, mshenga mtu mzima, aje kwa miguu yake aulize habari zangu kwa heshima."

"Nitamleta! Jumapili hii hii. Yuko mjomba wangu Onyiego, ana sauti nzuri kweli, ukimsikia..."

"Anyona," Bitutu akasema, bado amekunja uso, mkono tayari umemshika kola, "leta asiyejua kuimba."