Mkono Uliovuliwa Ngozi

Simu ilitetemeka mara mbili, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

Mwewe, jasusi wa kike asiyejulikana kwa jina jingine, aliipokea akiendesha.

"Ngozi imeibwa," alisema Mkuu wake. "Mnunuzi anaruka na ndege saa nane. Nimefunga milango ya maabara."

"Nani yumo ndani?"

"Watu watatu. Mmoja mwizi."

Saa saba kamili aliingia.

Mkono wa roboti ulilala mezani, vidole uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Ngozi yake bandia, laini kuliko glovu, ndiyo iliyouwezesha kupapasa waya wa bomu la ardhini bila kulilipua. Watega mabomu wangeipata, wangeunda bomu la kuihadaa.

Mhandisi aliyeibuni, mama wa makamo, alikuwa akilia. Mlinzi alitokwa jasho. Fundi umeme, mkono wa kulia umefungwa bandeji, alitabasamu.

Mwewe hakumwamini hata mmoja. Machozi nayo hufundishika.

"Tumepekuliwa mara mbili, dada," fundi alisema. "Kazi zinalala."

"Pole na mkono."

"Maji ya moto. Jana tu."

Jana tu, na ameuegemea mezani kwa uzito wake wote.

Mwewe alimsogelea mhandisi. "Mama, ngozi ikivuliwa bado inatuma taarifa?"

"Ndani ya hatua ishirini hivi. Ina betri yake."

"Washa kompyuta. Usiseme neno."

Akamrudia fundi, akaikamata bandeji, akaminya.

Kwenye skrini viliwaka vidole vitano vyekundu.

Tabasamu likamtoka fundi. Mkono wa kushoto ukachomoa Makarov iliyofichwa chini ya meza. Mwewe alimpinda kiwiko, bastola ikaanguka, mlinzi akaikanyaga.

"Mnunuzi yuko wapi?"



Akaongeza kumpinda.

"Geti la nyuma. Land Cruiser nyeupe."

Mwewe akainua redio. "Land Cruiser nyeupe, geti la nyuma."

Sekunde arobaini. Redio ikakoroma.

"Tumemdaka. Mzimamzima."

Mhandisi aliifungua bandeji taratibu, kama anayemvua mtoto mchanga nguo. Akaikagua ngozi pembe hadi pembe.

"Haijachanika," alisema. Kisha akamtazama Mwewe. "Mwanangu, hata mimi ulinishuku?"

"Wewe wa kwanza, mama."

Akavaa miwani ya jua, akatoka kwa mlango wa mbele.